Kifungo Mbele ya Papa Ramazani

Niseme mapema ili mnicheke mara moja tumalize: mimi ndiye yule kijana wa commune ya Kenya (mtaa wa mjini kwetu, si nchi) aliyewakusanya watu wazima kumi na mmoja kwenye foyer, yaani nyumba ya jamii ya mtaa, akawamiminia chai, akasimama mbele yao kama hakimu, na kabla chai haijapoa yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa mshtakiwa. Miaka zaidi ya ishirini imepita. Nimezunguka Likasi, Kolwezi, Kamina, mpaka Kalemie, sikukaa mahali, na bado nikisikia kijiko kinagonga kikombe cha bati masikio yanapata moto.

Kilichoniponza ni vitabu. (Wengine huponzwa na pombe, angalau wao wana kisingizio.)

Wakati ule ilikuwa Zaire bado, picha ya Guide, yaani rais, ukutani kila ofisi, wanaume tunavaa abakosi, makoti yasiyo na tai, yaliyofungwa mpaka kooni, na Jumamosi asubuhi ni salongo, yaani unachukua jembe lako unakwenda kuzibua mitaro ya mtaa upende usipende. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimemaliza sekondari, nagawa bolti na glavu kwenye ghala la mgodi. Niliishi na mama yangu, nyumba ya vyumba viwili. Baba alikwisha kufa, na kaka yangu Banza alikuwa Lukafu, analima mahindi na mihogo. Banza alikuwa akimwandikia Mama barua, na kwa kuwa Mama hakujua kusoma, mimi ndiye niliyemsomea. Nilimsomea kwa namna yangu. Tutafika huko, msinikimbize.

Sasa, vitabu vyenyewe. Vilikuwa vyembamba, vya Kiswahili, karatasi ya kijivu, vinachapwa hapo hapo mjini, na vyote vilimhusu mjane mmoja aitwaye Mama Vifungo, anayeuza vifungo vya nguo sokoni katika mji mdogo wa reli, Kapofu, ambao hauko kwenye ramani yoyote (nilitafuta). Kila namba, yaani kila toleo, mtu anakufa, bila damu nyingi, mara nyingi amelala vizuri kama aliyesinzia, na Mama Vifungo anauliza vijiswali vyake huku anapanga vifungo kwa rangi, na mwishoni anawaita wote wanaoshukiwa, anawapa chai, anaongea taratibu, halafu anaweka kifungo kimoja mezani mbele ya muuaji. Hasemi jina. Anaweka kifungo tu! Mimi kila nikifika hapo nywele zilinisimama.

Kero zake pia zilikuwapo. Mkuu wa stesheni alitaka kumwoa Mama Vifungo tangu namba ya tatu, na mpaka namba ya kumi na nane alikuwa bado anakohoa mlangoni. Mbuzi wa mjane alikufa namba ya tano, namba ya nane tukamkuta anakula majani bila maelezo yoyote. Na mji wenye watu mia mbili, kila mwaka wanauawa wawili au watatu, lakini hakuna anayehama! Tulilalamika hivyo kwenye foyer, kila mtu, na namba mpya ikifika tulisukumana mlangoni.

Foyer ilikuwa na nakala moja tu ya kila namba. Citoyenne Feza (ndivyo tulivyoitana wote wakati ule, badala ya bwana na bibi), mwenye funguo za kabati shingoni kama rozari, aliandika majina yetu kwa zamu kwenye kadi nyuma ya kitabu. Jina la kwanza lilikuwa daima la Papa Ramazani, fundi cherehani, mzee mwenye asili ya Maniema, kofia nyeupe, miwani imefungwa kwa uzi, kwa sababu kibanda chake kilitazamana na foyer na aliona gari la vitabu kabla yetu. Jina la pili langu. Nilichukua kitabu Jumatano, nikakiweka juu ya redio nyumbani, na sikukigusa mpaka Jumamosi baada ya salongo, nimeoga, nimekula bukari, yaani ugali, na sombe ya Mama ya majani ya mihogo, nimenyoosha miguu. Hamu ya siku tatu ndiyo iliyokuwa nusu ya utamu.

Basi namba ya kumi na tano, Jumamosi, nimenyoosha miguu, nafika ukurasa wa kumi na moja, maiti bado ina joto, na pembeni naona maandishi ya penseli ya buluu, herufi kubwa zilizopinda: NI MUKUBWA YA POSTA. Nikacheka. Nikasema mjinga fulani. Nikasoma mpaka mwisho, na kifungo kikawekwa mbele ya nani? Mkubwa wa posta.

Namba ya kumi na sita, vilevile. Kumi na saba, kumi na nane. Kila mara palepale maiti inapoonekana, buluu ileile, na kila mara ni kweli. Nilijaribu kufuta, haifutiki. Nilijaribu kufunika ukurasa kwa kiganja, vidole vikajifungua vyenyewe.

Namba ya kumi na tisa ilichelewa miezi minane, walisema mjini karatasi imekosekana. Miezi minane! Ilipofika niliipokea kwa mikono miwili kama mtu anayepokea mtoto. Jumamosi ikafika, nikafungua, ukurasa wa tisa: NI MWALIMU YA KWAYA.

Hapo ndipo nilipofanya uamuzi mdogo uliozaa yote. Mama alikuwa pale pale uani, anatwanga sombe, mita tatu kutoka kwangu. Ningesema tu, "Mama, ona mambo hii." Ningelalamika kama mtoto wa kawaida na mambo yangeishia kwenye kinu. Lakini hapana, nimesoma namba kumi na nane za upelelezi, nitalalamikaje kwa mama? Nikaamua kupeleleza.

Na upelelezi wangu ulichukua dakika tano. Nani anasoma kabla yangu? Papa Ramazani. Nani anatumia penseli ya buluu kuchora vitambaa? Papa Ramazani. Kwisha! Nilijisikia mwerevu mpaka nikasimama nikatembea chumbani.

Nikaenda kwa Feza.

"Citoyen Mwilambwe, uko na hakika?"

"Mia kwa mia."

"Juu mwenye anaandika mu kitabu ya foyer, tunatoa jina yake ku kadi kwa milele. Hata ikuwe nani. Njo règlement."

Nilisita kidogo. Mzee yule hakuwa na raha nyingine, hakunywa, hakucheza dama, alikuwa na cherehani yake na Mama Vifungo wake. Lakini nikakumbuka miezi minane. Nikasema: "Règlement ni règlement," yaani kanuni ni kanuni.

Niliwaita wasomaji wote Jumamosi iliyofuata, alasiri. Nilimwomba Mama akaange mikate ya mafuta.

"Ni mukutano ya kula ama ya kugombana?" akaniuliza.

"Mama, utaona mwenyewe."

Akaenda kukanda unga.

Kwa kuwa mpelelezi hawezi kukosa kifungo, nilikata kimoja kwenye abakosi yangu ya kijani, cha chini kabisa, nikadhani hakitaonekana.

Siku ikafika. Ukumbi wa foyer, ubao mweusi wa masomo ya akina mama, meza ndefu, vikombe vya bati. Mama anapitisha beseni la mikate. Nikagonga kikombe kwa kijiko (kijiko kile!), nikasimama, nikaeleza taratibu, hamu, subira, wizi. "Mwenye kutuibia mwisho wa hadithi," nikasema, "iko hapa kati yetu, anakunywa chai yetu." Watu wakaacha kutafuna. Nikazunguka meza polepole, nikaweka kifungo mbele ya Papa Ramazani.

Mzee akakishika, akakisogeza karibu na miwani.

"Baba, hii kifungo iko yako," akasema kwa upole kabisa. "Nilikushonea ku ile abakosi unavaa. Ilikatika?"

Meza nzima ililipuka. Mmoja alimwaga chai. Nami badala ya kucheka nao na kuketi, nikapandisha sauti: "Musicheke! Ni yeye anaandika majina ya bauaji! Na penseli ya buluu! Papa Ramazani, kataa basi, kataa mbele ya bantu!"

Kicheko kikafa. Mzee akafungua mdomo. Nikaona macho yake yanakwenda kando, nyuma yangu, halafu yanarudi mezani. Sikugeuka kutazama alikuwa anatazama nini. Mpelelezi mzima, sikugeuka.

"Citoyenne Feza," akasema, "toa jina yangu."

"Papa, ni wewe kweli?"

"Toa tu, mutoto yangu. Nimesoma ya kutosha."

Feza akavuta kadi. Akaweka kalamu juu ya jina la kwanza.

"Leka, acha," sauti ikasema. Ilikuwa ya Mama. Beseni lilikuwa limewekwa chini. "Leka jina ya Papa. Ni miye njo naandika."

Mimi ndiye niliyecheka, peke yangu, Mungu anisamehe. "Mama, wee hauyue kusoma."

"Nayua. Miaka mbili sasa. Papa na bibi yake njo balinifundisha, pale ku baraza ya cherehani. Na hii penseli alinipa yeye. Nilimuomba asiseme kwa muntu." Akawageukia watu, kana kwamba mimi nimekwisha kuondoka. "Sikukuwa naharibu kitabu. Mwilambwe anakiweka juu ya redio siku tatu. Nafika pale maiti inalala, naandika mwenye miye nawazia. Kisha nasoma mpaka mwisho, nione kama niko na akili."

"Zote ulipata, Mama?" akauliza Feza.

"Zote tano."

Watu wakapiga makofi! Wale wale niliowaita kunitetea mimi. Ningenyamaza hapo, aibu ingekuwa ya kawaida, ya kusimuliwa wiki moja. Lakini nilishikwa na ubishi wa mtu anayezama, nikasema: "Andika basi tuone."

Mama akachukua chaki. Akaandika polepole, herufi kubwa zilizopinda, zile zile:

NYUMBA YA MAMA INAISHA. UMUTUME NA CAMION YA MIHOGO.

Maneno yale niliyajua.

Feza akasoma kwa sauti, akakunja uso. "Hii inatoka mu namba gani?"

"Haitoke mu Mama Vifungo," akasema Mama. "Inatoka mu barua ya mutoto yangu Banza. Ulizeni mwenye alinisomea."

Kabla hawajauliza nikasema mwenyewe. Kwamba kaka yangu alimjengea Mama nyumba Lukafu, karibu na dada zake. Kwamba aliandika hivyo mara sita, apandishwe kwenye lori la mihogo linaporudi. Na mara sita nilimsomea Mama, "Banza anakusalimia sana, mahindi iko muzuri," nikakunja karatasi. Kwa nini? Kwa bukari. Kwa shati lililopigwa pasi. Kwa kuogopa kurudi kutoka kazini nikute nyumba kimya. Sikuwa na sababu nyingine, na hizo zilisikika ndogo sana ukumbini.

"Ile barua moja ilikuwa na kurasa mbili," Mama akasema, sasa kwangu, bila hasira. "Na wee uliisoma kwa pumuzi moja. Njo nikaenda kutafuta mwalimu."

"Juu ya nini haukuniambia, Mama?"

"Nilingojea useme wee mwenyewe. Miaka mbili, baba. Hata Mama Vifungo hangengojea vile."

Papa Ramazani akainuka. Nilidhani anatoka, au ananipiga, ningeshukuru. Akachomoa sindano yenye uzi kwenye ukosi wake, akashika kifungo, akapiga magoti mbele yangu, mzee wa miaka sitini na zaidi, akaanza kukirudisha kwenye abakosi yangu, watu wote wanatazama.

"Papa, acha, tafazali."

"Simama muzuri, nisikuchome."

Nikasimama. Ulikuwa ushonaji mrefu kuliko yote duniani. Alipokata uzi kwa meno akasema, "Sasa muombe mama yako ruhusa, umupeleke."

Nilimpandisha kwenye lori Jumanne. Alibeba kinu chake, beseni na penseli. Nyumba ilikuwa kimya kama nilivyoogopa, nikaivumilia miezi michache, halafu nikaanza kuzunguka, na sijaacha.

Tangu siku ile nimeapa mambo mawili. La kwanza, sitasimama tena mbele ya watu wanaokunywa chai. La pili, mtu akinipa barua nimsomee, na huko njiani wengi wamenipa, stesheni, kambini, kwenye foleni ya mkate, namsomea yote, matusi, madeni, salamu za mpaka mbwa, na akilia nangoja amalize ndipo niendelee.

Namba ya ishirini ilitoka kabla sijaondoka mjini. Feza alinipa ruhusa, nikaituma Lukafu kwanza, bila kuifungua, iende kwa mwenye akili. Ilirudi baada ya wiki tatu ikinuka moshi na mihogo. Nilikaa kitandani, nikafungua huku nimekaza meno, na ukurasa wa kumi, palepale maiti ilipolala, buluu ilikuwapo:

NI MWILAMBWE.

Nilisoma mpaka kifungo kilipowekwa mezani, sijui bado muuaji ni nani. Mara ya kwanza tangu namba ya kumi na nne.