Jina la Ukoo Lililoachwa Wazi

Mdogo wangu ameolewa katika familia ya Kingoni inayoshika mila, na kwao mkamwana hatamki jina la baba mkwe wake. Hatamki hata akiulizwa na hakimu. Mimi ninayefundisha kompyuta chuoni hapa Songea nilizoea kumtania kwa hilo. Sasa siutamani utani ule.

Alipojifungua mtoto wa kwanza, alimpeleka kliniki kwenye zahanati moja ya binafsi mjini, ambako kadi haziandikwi tena kwa mkono bali kwa kompyuta. Dada wa mapokezi, mgeni kutoka mkoa mwingine, alimuuliza jina la mtoto, la baba, kisha la ukoo. Jina la ukoo ndilo la baba mkwe. Mdogo wangu akainama, akasema, "Hilo atakuja kulisema baba yake mwenyewe." Yule dada hakuelewa, lakini foleni ilikuwa ndefu. Akakiacha kisanduku wazi, akabonyeza kitufe cha kuhifadhi. Kadi ikatoka, ikakunjwa ndani ya kanga, na hakuna aliyeisoma mpaka nyumbani.

Aliyeisoma ni mume wake. Penye jina la ukoo palikuwa na jina la mwanamume asiyemjua, la Kiyao, kama majina ya watu wa Tunduru. Na mdogo wangu alifundisha shule Tunduru kabla hajaolewa.

Hakupigwa, hakutukanwa. Afadhali angetukanwa, angalau angepata cha kujibu. Mume alihamia chumba cha wageni, na mama mkwe, aliyekuwa akimwogesha mtoto kila asubuhi, akaacha. Mdogo wangu aliapa kwamba hakutaja jina lolote. Wakamwambia majina ya kwenye kadi husemwa na mama. Akanipigia simu, na kwa muda mrefu sikusikia ila kilio.

Nilikwenda zahanati nikitafuta mtu wa kumfokea. Mtaalamu aliyeiandika programu ya kadi aliitwa, akaja na kikombe cha chai mkononi, hana haraka.

"Mashine haibuni jina, mwalimu," aliniambia. "Lazima kuna mtu alilitaja."

Kweli jina lilikuwa limetajwa: la ukoo wa mtoto aliyetangulia kwenye foleni. Tulipofungua programu nililiona kosa mara moja. Neno linaloandikwa kwenye kisanduku huwekwa kwenye kihifadhi chake ndani ya programu. Yeye alikitengeneza kihifadhi hicho juu kabisa, nje ya kazi zote, yaani vipande vya programu vinavyoanza upya kwa kila mtoto, kwa hiyo kilibaki hai kutwa nzima na kila mtoto alitumia kilekile. Kisha akaielekeza programu: kisanduku kikiwa na neno, lichukue, kikiwa kitupu, usifanye kitu. Skrini ilisafishwa, ndani hapakusafishwa. Ni kama sufuria iliyofutwa nje tu, ukapikia wageni wengine. Kihifadhi kile kilipaswa kuzaliwa ndani ya kazi ya kuhifadhi na kufa nayo.

"Lakini nani anaacha jina la ukoo wazi?" akaniuliza.

"Wakamwana wa hapa," nikamjibu. Hakuwa amewahi kumfikiria mama anayelijua jina na asiyeweza kulitamka.

Jumapili mchana nilikwenda kwa wakwe na kompyuta yangu, nikiwa na nakala ya programu ileile aliyonipa yule mtaalamu. Nikamwamkia mama mkwe shikamoo, nikamketisha karibu yangu mezani. Shemeji nilimwambia aandikishe kwanza mtoto wa kubuni, mwenye lile jina la Tunduru. Kisha nikamgeukia mama.

"Sasa tumwandikishe mwanao huyu, kama vile umemzaa leo. Jina lake? La baba yake?" Akajibu. "Na la ukoo?"

Akanyamaza. Naye ni mkamwana wa watu, na mkwe wake ingawa amekufa bado ni mkwe. Nikakiacha kisanduku wazi, nikahifadhi. Kwenye skrini mwanawe akatokea na ukoo wa mtu wa Tunduru.

Mama akajifunika mdomo kwa upande wa kanga. Shemeji alisoma, akarudia kusoma, halafu akacheka kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Kumbe ni mashine tu," alisema.

"Basi yameisha," mama akasema. "Mlete mtoto nimwogeshe."

Mimi nilikuwa nimeanza kutabasamu. Mdogo wangu hakusogea.

"Nilikueleza kwa mdomo wangu," alimwambia mumewe, taratibu, "ukanihama. Kompyuta ya dada imekueleza mara moja tu, umeamini."

Shemeji akanyoosha mikono kumpokea mtoto. Hakupewa. Mdogo wangu alimfunika mtoto vizuri, akaniuliza kama kwangu kuna nafasi.