Nilicheza Nikijua Ninaumwa, Rafiki Yangu Akabeba Lawama

Admin, nifiche jina tafadhali. Watu wa huku wanaonijua wanasoma ukurasa huu.

Mimi ni Mkenya wa miaka 29, dereva wa familia moja Al-Malqa, hapa Riyadh. Nimecheza basketi tangu sekondari, na huku nilikuwa nikicheza kila Ijumaa na rafiki yangu, nimwite Baraka, ambaye ni mlinzi wa jengo. Ukweli ni kwamba Baraka ananizidi kucheza, na jambo hilo lilikuwa likiniuma.

Wakati wa korona, barabara zilipofunguliwa tena, Wakenya wa Jeddah waliandaa mashindano. Kocha wa chuo kimoja nyumbani akatuambia atatazama mechi kwa simu, achague mchezaji mmoja asomeshwe bure. Mmoja tu. Nikajiambia, huyo ni mimi.

Asubuhi ya safari nilikuwa nakaanga vitunguu nikagundua sisikii harufu. Nikanusa sabuni, nikanusa petroli, wapi. Siku zile kila mtu aliijua dalili hiyo. Nikavaa barakoa, nikapanda basi kituo cha Batha na wenzangu wa timu, Baraka kando yangu akinionyesha picha za chuo njia nzima.

Jeddah tulifikia mtaa wa Ghulail, kwa kaka yake Baraka. Alisimama mlangoni kwanza.

"Mko salama nyote? Mimi nina kisukari. Hii kitu ikinipata, halas, nimeenda."

Mimi ndiye niliyejibu. "Tuko fiti, bro."

Akacheka, akatuingiza, tukala wali sinia moja.

Tulicheza siku mbili, na kocha akamchagua Baraka. Kabla hatujaondoka Baraka akashikwa na homa, kisha kaka yake. Baraka akapona. Kaka yake alilazwa, na wiki ya pili akafariki. Alizikwa huko huko Baraka akiwa bado karantini, hakumwaga hata konzi ya mchanga.

"Ni mimi nilimpelekea," aliniambia akilia. "Mimi ndiye nilianza kuugua."

Nikamshika bega nikamwambia ni mapenzi ya Mungu. Mimi, na mdomo wangu huu.

Baraka alikataa nafasi ya chuo na hajagusa mpira tena. Kocha akanipa mimi hiyo nafasi, nami nikaikataa, na watu wakanisifu eti najua urafiki. Sikuwasahihisha. Mpaka leo mjane wa marehemu hunitumia salamu na kuniita shemeji.

Sasa wiki jana kocha amempigia Baraka tena. Anasema chuo bado kinamtaka, umri si neno, acheze na kuwafunza wadogo. Baraka alinisimulia tukiwa tunakunywa chai nje ya jengo lake.

"Nitamwambia hapana," akasema. "Mtu aliyemuua ndugu yake anaenda kurukaruka na mpira?"

"Usiseme hivyo, Baraka."

"Ni ukweli. Ndugu niliyebaki naye ni wewe."

Nikammiminia chai nyingine, nikaaga.

Nikimwambia, labda ataenda chuo, maana atajua hakuwa yeye. Lakini nitakuwa nimempa kaburi la kaka yake upya, safari hii likiwa na jina langu. Kocha anataka jibu Jumapili, na leo ni Alhamisi. Ndugu zangu, nitukaneni mkitaka, nitasoma yote, lakini mniambie pia: nifanye nini, na nikienda kwake nianze na neno gani?