Mbege ya Siku Saba

Efraimu alikuwa mpishi wa mlimani, na tatizo lake lilikuwa moja tu: hakujua kufanya jambo nusu. Chai isipokolea aliimwaga akaanza upya, hata kama wageni wanatetemeka hemani. Sisi wapagazi tulimtania kwamba siku yake ikifika, malaika watamsubiri nje mpaka amalize kukata vitunguu. Yeye alitujibu kwa yale yale tunayowaambia Wazungu njia nzima: pole pole, haraka haraka haina baraka. Siku hizi msemo huo siutamki tena.

Kwao ni Machame, na alikuwa mtoto wa kwanza. Mdogo wake Eliufoo, kitinda mimba, ndiye aliyeachiwa nyumba ya baba na kihamba chake, shamba la ukoo la migomba na kahawa, kama desturi yetu inavyotaka. Efraimu hakulalamika. Alipewa kipande cha jirani, akajenga, akaoa, akabeba mizigo ya wageni miaka kumi mpaka akakabidhiwa sufuria. Ugomvi uliingia bei ya kahawa ilipoanguka. Siku moja aliteremka kutoka mlimani akakuta Eliufoo ameing'oa mibuni yote ya baba yao, amepanda nyanya. Miaka minne hawakusalimiana. Hata kanisani mmoja alikaa mbele, mwingine karibu na mlango.

Juni ya mwaka tisini na sita wageni wetu walichelewa kufika, muda wa kuandikishwa kwenye geti la hifadhi ukawa umepita. Tukapiga mahema kwenye kiwanja cha nyasi chini ya geti, tusubiri kupanda asubuhi. Masika yalikuwa yamekwisha ila ukungu ulikuwa bado umelala kwenye migomba. Kutoka pale hadi kwa Efraimu ni nusu saa kwa mguu. Alikuwa anamenya viazi alipokuja Elinipendo, mke wa Eliufoo, amejifunga kanga juu ya sweta. Alimwamkia shemeji yake, kisha akatoa ndani ya kanga jani la isale lililofungwa fundo.

Kwetu isale hupandwa mipakani na makaburini, na aliyekukosea akikuletea jani lake, anaomba msamaha. Halikataliwi, hata kosa liwe la damu. Kiazi kilimponyoka Efraimu mkononi. Aliuliza kama mdogo wake hajambo, na Elinipendo akasema hajambo. Akalitia jani kwenye mfuko wa shati.

"Mwambie nimeliona," akasema.

Yule mama alisubiri kidogo, kama mtu anayejua kuna jingine linakuja. Halikuja, akaondoka.

Nilidhani Efraimu bado ana kinyongo, kumbe alikuwa analia. Aliniambia neno la namna ile halisemwi juu ya maganda ya viazi. Litasemwa kihambani, mbele ya wazee wa ukoo, ndugu wawili wakinywa mbege, pombe yetu ya ndizi, kwa kata moja. Kwa kuwa hakuweza kuacha chakula cha wageni, alinituma mimi nishuke kwa mkewe, Priska, nimwambie aanze kuchemsha ndizi jioni ile ile. Zikae siku zake, na siku ya saba tukirudi, uji wa ulezi uwe umeshachanganywa. Halafu akanionya, mimi na Priska tusimwambie mtu mwingine, lisije likamfikia Eliufoo vipande vipande.

Nilipeleka ujumbe. Wakati wa kurudi nilipita kwa Eliufoo. Alikuwa amekaa mlangoni, blanketi mabegani, lakini Juni huku kwetu nani hajifuniki? Aliuliza kama tunapanda kesho, nikamwambia ndiyo. Aliuliza kaka yake anasemaje. Nikasema hajambo, nikapita. Habari yote ilikuwa mdomoni mwangu nikaimeza, eti natunza heshima ya mtu. Ujinga wangu ule sijausamehe.

Mlimani Efraimu alikuwa mtu mwingine. Alipika huku akiimba nyimbo za kwaya, na kila usiku kabla ya kulala aligusa mfuko wa shati. Siku ya sita tuliteremkia Mweka, tukalala mjini. Asubuhi alinunua shati la mikono mirefu, la bluu, akasema Eliufoo tangu utoto anapenda bluu.

Tulipokaribia nyumbani tuliona watu wengi kwa Eliufoo, na mabenchi ya kanisa yamepangwa chini ya migomba. Efraimu akakaza mwendo.

"Unaona?" akaniambia. "Priska ameshawaita wazee."

Mimi nilikuwa nimeliona turubai, na wanawake waliokaa chini, nikajua. Nikamwacha aende na furaha yake hadi uani.

Eliufoo alikufa siku ya nne ya safari yetu. Kifua kilikuwa kimemsumbua tangu Pasaka. Walimweka mochwari wakimsubiri kaka mkubwa. Efraimu alipoweza kusema, alimuuliza Elinipendo kwa nini siku ile alimwambia hajambo.

"Alinikataza," akajibu. "Hakutaka asamehewe kwa kuonewa huruma. Kila siku alikuwa ananiuliza, alisemaje? Namwambia, alisema ameliona. Ananiuliza, hivyo tu? Namwambia, hivyo tu."

Mbege ilikuwa imeiva sawasawa, haikuwa na kasoro. Waliinywa waliochimba kaburi. Efraimu naye alipewa kata, akairudisha bila kuonja. Mchungaji alipomwita aseme neno kama mkubwa wa nyumba, alisimama ameshika lile jani, limeshakauka, na shati la bluu likiwa bado kwapani. Wazee wote wa ukoo walikuwa wamekaa mbele yake, vile vile alivyotaka. Akafungua mdomo, akaufunga, akafungua tena. Tulimsubiri kwa muda mrefu, mpaka mchungaji akamshika bega akamketisha.