Unasikia? Safari ya Kidole Changu hadi Haydom

Nilikwenda hospitali ya Haydom kwa ajili ya kidole cha shahada. Mimi ni mnunuzi wa vitunguu saumu pale Mbulu mjini, na tangu biashara iachwe huru kila mwenye gunia anajiita tajiri. Anayebaki sokoni ni yule anayejua kubonyeza, maana kitunguu kikiwa kibichi ndani, kidole ndicho kinachokwambia. Changu kilikufa ganzi siku bati liliponikata juu kidogo ya kifundo cha mkono na kukata mshipa wa fahamu. Daktari aliushona, akasema: mshipa ukiota, utapona, usipoota, tutafungua tena. Sasa nilikuwa nimeitwa tena nikapimwe kama umeota.

Alfajiri, stendi ya Mbulu, nilipanda basi na mke wangu, Yasinta. Mkoa wa Manyara ulikuwa mpya, umemegwa kutoka Arusha, haujazoeleka midomoni. Kondakta akatuita watu wa Arusha. Nikamwambia tumeshahama, tena bila kubeba hata godoro.

Dongobesh tulishuka kunywa chai. Nikashika kikombe kwa mkono mbovu, ubishi tu. Yasinta akakinyakua.

"Unaungua, Baba Ema!"

Kweli, ngozi ilikuwa nyekundu, na mwenyewe sina habari.

Haydom tulifika jua limepanda, hospitali imejaa watu walioshuka kwenye mabasi kama sisi. Tukapokewa na Mama Basilisa, mtaalamu wa mazoezi ya viungo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Fumba macho." Akanigusa ncha ya kidole. "Unasikia?"

"Nasikia."

"Na hapa?"

"Hapo nasikia sana!"

Yasinta akaangua kicheko. "Mama, huyo anasikia kwa masikio! Kila ukimgusa, bangili yako inalia."

Mama Basilisa akavua bangili, akaendelea kugusa bila kuuliza. Sikusikia kitu. Nikaanza kuona kisu cha daktari.

Ndipo akaanza kugonga kidogo kidogo kutoka kwenye kovu, akishuka kiganjani. Alipofika kwenye shina la kidole, umeme ukanipiga hadi nchani. Nikaruka.

"Yesu wangu!"

"Hapo ndipo mshipa ulipofika," alisema, akitabasamu. "Mara ya mwisho ulikuwa katikati ya kiganja."

"Pima tena."

Akapima tena, kwa futi ya fundi cherehani. Palepale!

"Basi tusogeze mpaka nchani, tumalizane leo."

"Hapa hakuna kupunguziana, baba. Kwa siku mshipa unaota kama unene wa ukucha tu. Ila kufunguliwa, hufunguliwi."

Akaniagiza kila jioni nifumbe macho, nizike mkono kwenye beseni la maharage, nitafute punje za saumu ambazo Yasinta atakuwa amezificha humo. Akili nayo, alisema, inabidi ifundishwe upya kuusoma mkono.

Kurudi, tukiwa tumeshaipita Dongobesh, nilikuwa nimegeukia dirishani nikitangaza nilichojifunza: kwamba nimekutana na bidhaa ya kwanza isiyojali maneno yangu. Mara nikafinywa kwenye shina la kidole.

"Acha bwana, unaniumiza!"

Nikageuka. Yasinta alikuwa amevua bangili zake, ziko mapajani, machozi yanamlengalenga.

"Sikukuuliza kama unasikia," alisema.

Nikamnyooshea mkono.

"Finya tena."