Niliharibu kazi ya mwanangu kwa sababu ya uji wa kisima

Admin, ficha jina langu. Mimi ni mama wa miaka sabini na sita, naishi peke yangu Kangemi, hapa Nairobi, chumba kimoja. Shule niliachia darasa la tatu na hii naandika kwa kidole kimoja tangu asubuhi, kwa hivyo anayetaka kunisahihisha herufi apite tu. Na msiniite shosho. Sijazaa mama zenu.

Nina mtoto mmoja. Nitamwita Wekesa, si jina lake. Miaka ya tisini ikianza nilikuwa napikia familia ya Wahindi huko Parklands. Mwenye nyumba, tulimwita Mzee, alikuwa anajenga nyumba nyingine huko Karen. Maji ya kanjo, yale ya baraza la jiji, hayakuwa yamefika kwa ploti yake, akaita watu wa mashine wamchimbie kisima kirefu. Wekesa alikuwa kwa hao watu, na kazi nilimwombea mimi. Mzee akanituma Karen nipikie wafanyakazi mpaka wamalize.

Walipofika chini sana wakakuta mwamba umepasukapasuka. Yale maji wanayosukuma chini wakichimba hayarudi juu, yanapotelea kwa nyufa, na shimo linataka kubomoka. Wekesa na rafiki yake, huyo nimwite Otieno, wakafungua gunia la unga, wakakoroga kwa pipa mpaka ukavutika kama mrenda. Wakamwaga kisimani.

Nikaacha sufuria nikaenda hapo. "Wewe Wekesa! Unaweka uji kwa kisima cha watu?"

"Mama, hii ni unga ya maharagwe ya Kihindi. Inaziba nyufa tuchimbe. Tukimaliza inaoza yenyewe, siku nne tano inageuka maji, tunaisukuma nje. Nyufa zinafunguka, maji yanaingia."

"Uji ukilala unaganda. Nimepika uji kabla uzaliwe."

"Mama, hapa si jikoni."

Wenzake wakacheka. Otieno peke yake hakucheka. Alisema, "Wacha mama yetu, ametupikia vizuri." Lakini mimi kilichonikaa rohoni ni kile kicheko. Mtoto niliyemlea bila baba, ananifanya mjinga mbele ya watu wa kubeba mabomba!

Walimaliza kuchimba Jumanne, wakasema kisima kiachwe kipumzike. Jumatano nikachungulia ndoo waliyojaribu kuvuta. Maji kidogo, yana utelezi, yananuka maharagwe yaliyochacha. Nikajisemea, si niliwaambia?

Alhamisi nilikuwa nimerudi Parklands. Mzee akaingia jikoni. "Mama, kisima yangu iko sawa?"

Ningesema sijui. Mimi mpishi, nijue kisima nini? Nikasema, "Mzee, kisima chako kimejazwa uji. Nyufa za maji zimezibwa. Mimi nimeona kwa macho."

Wallahi nilifikiri atamgombeza msimamizi tu. Akachukua gari mpaka Karen. Huko akauliza nani alikoroga. Wekesa, kwa vile ni mtu wa kweli, akainua mkono. Akafukuzwa hapo hapo, viatu vya kazi akavulia kwa matope. Alijaribu kusema, "Mzee, ngoja siku mbili tu." Nani angemngoja?

Jioni akaja kwa chumba changu cha nyuma, pale pale kwa Mzee. Asubuhi hiyo Otieno alikuwa ametumwa Parklands kwa Mzee kuchukua funguo, kwa hivyo Wekesa alikuwa ameshajumlisha hesabu yake. Akaniuliza, "Mama, ni Otieno aliniuza, sivyo?"

Nilikuwa nasonga ugali. Sikugeuka. Nikamwambia, "Marafiki wa siku hizi ni wa kuogopwa."

Ni hayo tu nilisema. Akala, akaosha sahani yake, akaondoka. Wiki hiyo hiyo akavuka mpaka kwenda kuchimba visima Tanzania, na hajawahi kurudi kulala kwangu.

Jumapili Mzee akaja jikoni na chupa ya maji. "Mama, onja." Nikaonja. Safi, baridi, hayana harufu hata kidogo. Ule uji ulikuwa umeoza ukatoka, vile tu mtoto alisema. Mzee akasema, "Ita kijana yako, mimi nakosea." Nimwite wapi? Bibi yake Mzee akaninunia siku mbili. Aliniambia, "Hiyo maharagwe si ndiyo wewe unakatia mimi kila wiki? Uliona imeganda lini?" Nikaendelea kuosha vyombo.

Sasa sikieni. Otieno ni mzee wa mvi leo. Ndiye anayebisha mlango wangu. Mabati yakivuja anapanda, nikiugua ananipeleka hospitali. Wengine wote wa plot hii wananijua kwa salamu ya ngazini tu, kuna wiki sauti ninayosikia ni ya redio. Otieno akikaa hapa na chai yake husema, "Mama, siku moja Wekesa atajua si mimi nilimuuza." Mimi namwongezea sukari.

Wekesa amepiga simu. Anakuja Jumamosi, mara ya kwanza tangu aondoke. Nilifurahi mpaka nikakaa chini. Halafu akasema, "Lakini Mama, nikimkuta Otieno hapo, narudi na basi hilo hilo." Na Otieno amesikia kwa jirani kwamba Wekesa anakuja. Amenunua shati.

Nikimwambia Otieno asije, nitakuwa nimemuuza mara ya pili. Nikisema ukweli, wote wawili watainuka hapa waende, na mimi nibaki nikiangalia mlango. Miaka hii yote nilijiambia ni neno dogo.

Nishaurini, nifanye nini, na mnijibu kabla ya Jumamosi. Matusi wekeni, nimeyazoea. Lakini asije mtu hapa akaniambia ninyamaze tu. Kunyamaza nakujua kuliko nyinyi nyote.