Ukope Ulicheza, Pacha Hakuja

Nilichinjisha jogoo kwa sababu ukope wangu ulicheza. Nalisema hilo mapema ili anayetaka kunicheka anicheke sasa, halafu tuendelee kwa amani. Kwetu Handeni ukope wa juu ukicheza utaona mgeni, wa chini ukicheza utalia. Asubuhi ile ulianza nikiwa nachambua mchele, nikaweka ungo chini nikaenda kwenye kioo kuhakikisha ni upi. Ulikuwa wa juu. Mtu mwenye cheti cha kidato cha nne, amesimama mbele ya kioo anausoma ukope wake kama taarifa ya habari.

Mgeni nilimjua papo hapo. Ni pacha wangu, anayekaa Korogwe. Na mchana ulipofika bila yeye kupiga simu, wakati hupiga kila siku sufuria likiwa jikoni, nikasema basi huyo yuko njiani, mtandao unamsumbua huko Sindeni. Nikafagia uwanja, nikatandika shuka la wageni, nikamwita mume wa jirani aje achinje. Jirani mwenyewe ni Mshambaa wa milimani aliyeolewa huku kwetu bondeni, mwanamke asiyejua kulizunguka jambo. Aliniuliza kama nimepigiwa simu. Nikamjibu kwa maringo kwamba mimi na pacha wangu hatuhitaji simu.

Jua likazama. Jogoo tulimla mimi, jirani na mumewe, na kila alipochukua mnofu jirani alijikaribisha kwa sauti nene, "Karibu mgeni, za Korogwe?" Nilicheka mpaka nikapaliwa. Kicheko kile nakikumbuka vizuri, na laiti ningeweza kukisahau.

Kesho yake asubuhi akanipigia binti wa pacha wangu. Akasema shikamoo mama mdogo, kisha akaniambia mama yake amefanyiwa upasuaji jana. Kidole tumbo. Walimwahi kikiwa karibu kupasuka, sasa ameamka, anaendelea vizuri. Nikamuuliza kwa ukali kwa nini hakuna aliyenipigia.

"Mama alikataa," akasema. "Alisema tusikusumbue na simu, wewe utakuwa umeshajua."

Sasa lazima niieleze hii habari ya kujua, maana bila hiyo nitaonekana mwehu zaidi ya nilivyo.

Sisi tulizaliwa tukifanana mpaka baba yetu alitutofautisha kwa kutuuliza. Tulivalishwa kitambaa kimoja, tukanyolewa siku moja, na mama alikuwa na sheria yake kwamba pacha hali bila kummegea mwenzake, hata kama mwenzake hayupo. Mmoja akipewa muhogo shambani, nusu inarudi nyumbani. Na mama alikuwa na hadithi yake aliyoitoa kwa kila mgeni, kwamba nilipogongwa na nge shambani, pacha wangu aliyekuwa nyumbani alilia ameshika mguu. Mwanzoni alilia tu. Tulipoanza kung'oka meno ya utoto, katika hadithi hiyo alikuwa anaanguka. Tulipofika darasa la saba mguu wake ulikuwa unavimba, tena ule ule. Mimi niliyegongwa ninachokumbuka ni maumivu na kitunguu nilichosuguliwa. Pacha wangu hakumbuki chochote. Anachokumbuka ni mama akisimulia.

Lakini tuliamini. Utaachaje kuamini jambo linalokufanya usiwe peke yako hata ukiwa chooni?

Kisha nikafaulu kwenda sekondari, yeye akapelekwa Kerenge kwa shangazi aliyekuwa amejifungua, akamsaidie kwa muda. Muda ule haujaisha mpaka leo. Kutoka Kerenge akaolewa Korogwe mjini, akazalia huko, akaota mizizi huko. Shuleni bwenini nililala ukingoni mwa kitanda, nikimwachia yeye upande wa ukutani kama tulivyozoea. Mpaka leo nalala ukingoni. Marehemu mume wangu alidhani ni heshima.

Mwalimu wetu wa baiolojia alikuwa kijana mpole, hana makuu. Siku alipofundisha kwamba mapacha wanaofanana wanatoka kwenye yai moja, darasa zima likageuka kunitazama kama mimi ndiye yai. Mmoja akauliza kama ni kweli mapacha husikiana mioyoni. Mwalimu akasema jambo hilo linaweza kupimwa. Na pacha wangu alipokuja kunitembelea siku ya wazazi, amejipaka mafuta anang'aa, mwalimu akatupima kweli. Mimi nikakaa darasani na chaki za rangi, yeye akasimama nje nyuma ya ukuta. Mimi nachagua chaki, naiwaza kwa nguvu zote, yeye anataja rangi. Niliwaza mpaka mishipa ya shingo ikauma. Nawaza nyekundu, huko nje inatajwa bluu. Nawaza bluu, inatajwa njano. Mtu wa kubahatisha tu angepata zaidi.

Mwalimu hakutucheka, na hilo liliniuma zaidi. Alisema hatujapoteza kitu. Alisema watu wote huyakumbuka yaliyolenga, na yaliyokosa huyaacha yapite kama maji ya mvua, ndiyo maana mwisho wa yote wanadhani wamelenga kila siku.

Tulipokuwa tunatoka getini pacha wangu alininong'oneza kwamba alikosea makusudi. Rangi zote alikuwa anaziona, ila hakupenda yule mwalimu aingie vichwani mwetu bila kupiga hodi. Nilifurahi kuliko mtu aliyepata zote. Leo najua mwalimu angesema nini: kila ramli ikishindwa huwa ina sababu yake. Mimi sababu ile niliihifadhi kama dhahabu, maana ndiyo niliyolalia bwenini baada ya yeye kuondoka.

Simu za mkononi zilipofika tukapata mchezo mwingine. Anapiga mchana, na kabla ya salamu anakisia nimepika nini. Hukosa mara chache sana. Niliwahi kujisifu kwa jirani. Akaniambia napika maharage tangu aolewe huku, hata mbuzi wake anajua. Nikanuna siku nzima. Kesho yake nikapika mlenda makusudi, pacha akapiga, akasema maharage, nikamwambia ndiyo.

Naam, nilimwambia ndiyo. Na mlenda nikamtengea fungu lake kwenye kifuniko, kama mama alivyotufundisha, na jioni nikala mwenyewe. Hivyo ndivyo ninavyofanya siku zote. Yeye amebaki mwembamba, mimi nimenenepa kwa niaba yake.

Basi sasa mnaelewa ile simu ya binti yake ilinikuta wapi. Sikulia kwa sababu ya upasuaji, maana hatari ilishapita. Nililia kwa sababu nilipiga hesabu ya saa. Wakati wanamwingiza chumba cha upasuaji mimi nilikuwa natandika shuka la wageni huku naimba. Wakati wanamshona nilikuwa nachekea mnofu. Si kwamba nilihisi kidogo nikapuuza. Sikuhisi kitu. Tumbo lilikuwa limetulia tuli. Hata huo ukope, kama ulikuwa na habari yoyote, ulileta ya mtu mwingine.

Nilijaribu kujitetea, msidhani sikujaribu. Nilijiambia labda ile furaha yangu ndiyo ilikuwa nusu kaputi yake, imenifikia huku. Nikajicheka mwenyewe. Mwalimu wa chaki angeinamisha tu kichwa.

Jioni yake pacha akaweza kuongea. Sauti ilikuwa nyembamba, kama inatoka chini ya mlango. Sikupata nafasi hata ya kumpa pole.

"Pacha," akasema, "ulisikia?"

Hapo ndipo nilipokuwa na nafasi ya kuwa mtu mkweli. Lakini nilimwona pale alipolala, amekataza watu wasinipigie, ananingojea. Mtu aliyeingizwa kupasuliwa akiwa na uhakika mmoja tu, kwamba kuna mwenzake kilomita hizo zote anashika tumbo. Ningemwambia kwamba wakati ule alikuwa peke yake?

"Nilisikia," nikasema. "Tumbo lilinikata tangu asubuhi."

Akavuta pumzi ndefu. "Nilijua. Nilikuita sana."

Tangu siku ile nimekaa na uongo huo kama mwiba wa katani, mdogo, lakini kila nikiinama upo. Na umenifunga. Kila siku nasema kesho nitakwenda Korogwe kumuuguza, na kila siku lipo jambo. Kuku wanatamia. Goti linauma. Mawingu yametanda. Mimi kwa kawaida ni mtu wa kwangu, hata nikienda msibani Kabuku nafika nikiwaza kama nimefunga mlango, kwa hiyo visingizio ninavyo ghalani, havijaanza leo. Lakini safari hii sababu ni nyingine, nami naijua. Nikikaa mbele yake ataniangalia usoni. Kama ni kweli tunasomana, atauona uongo wangu kabla sijaketi, na nitamuumiza na kovu lake bichi. Na kama hatauona, akanipokea, akaniamini, akaniwekea chai, basi mwalimu alisema kweli, na miaka yote hii upande wa ukutani mwa kitanda changu hakuna mtu.

Sijui naogopa lipi zaidi. Pengine natamani anikamate. Anitazame tu aseme, pacha, umenidanganya. Ningelia kwa furaha.

Jana mchana alipiga. Hakukisia nimepika nini. Aliniuliza tumbo langu linaendeleaje, kama bado linakata, akanishauri nisinyanyue ndoo nzito mpaka tupone sote. Akanipa pole. Nikaipokea, pole ya ugonjwa ambao sikuugua, kutoka kwa mtu aliyekuwa na nyuzi tumboni. Kisha akasema taratibu, kama mtu anayejisemea, kwamba mchana pale kwake ni mrefu, watoto wamekwenda kazini, na upande wa pili wa kitanda ameutandika.

Jirani alikuwa amekaa kwenye ngazi ya jiko langu, anapepeta mahindi yake kwenye ungo wangu. Alisikia upande wangu wote wa mazungumzo. Nilipokata simu nikaona ni afadhali nimwambie kila kitu, kwa kuwa yeye ndiye shahidi wa kicheko changu siku ile. Nikamweleza chaki, nikamweleza uongo, nikamweleza hofu yangu ya kwenda na hofu yangu ya kutokwenda. Nilieleza vizuri, nilijisikia kama naeleza jambo zito la kitaalamu. Yeye anapepeta, makapi yanaruka. Mwisho nikamuuliza aonavyo yeye, je, nikienda, pacha wangu atajua kwamba siku ile sikusikia kitu?

Akaweka ungo chini, akajipangusa vumbi usoni kwa upindo wa kanga.

"Alikuwa anakuita uende, hakukuita usikie. Magari ya Korogwe yapo kutwa, na wewe umekaa hapa unajipapasa tumbo."