Miaka Minne Niliyompa Idrisa

Nilikwenda Doha kuukiri uongo wangu mbele ya mtu nisiyemjua. Walimu wenzangu niliwaambia nakwenda kumtembelea binamu yangu Saada, na huo nao ulikuwa nusu uongo, maana kweli nililala kwake. Kilichonitoa Dar es Salaam likizo ile ya Desemba ni Idrisa, mwanafunzi wangu wa zamani, mrushaji bora wa besiboli niliyewahi kumfundisha. Kocha wa chuo kimoja cha Marekani alikuwa anapita Doha na angemtazama siku ya Ijumaa. Akimpenda, chuo kitamsomesha na kumchezesha, na timu za kulipwa huenda kuchagua wachezaji kwenye vyuo kama hicho. Tatizo lilikuwa moja. Pasipoti ya Idrisa ilisema ana miaka ishirini na minne, naye alikuwa na ishirini. Aliyemzeesha ni mimi.

Alipomaliza kidato cha nne baba yake alifariki, na wakala wa kazi za ulinzi za Qatar hakutaka mtu aliye chini ya miaka ishirini na moja. Mama yake alinijia ofisini hata eda hajamaliza. Nikaandika barua ya shule yenye mwaka wa kuzaliwa usio wake, nikagonga mhuri, na wakala akaitumia kupata karatasi nyingine zote. Wanamichezo wetu tunawajua kwa kupunguza umri. Mimi nikaongeza, nikajiona mjanja.

Jumatano asubuhi nilipanda ndege na cheti chake halisi cha kuzaliwa, nimekibana kwapani ndani ya bahasha. Jirani zangu walikuwa wasichana wanaokwenda kazi za ndani, wamefungwa vitambaa vya rangi moja na wakala wao. Wawili walikuwa na nyuso za kidato cha pili. Nilitaka kuwauliza wana miaka mingapi, nikajiuliza mimi ni nani wa kuuliza, nikageukia dirishani.

Najma, mtaa wa Doha anakoishi Saada, nilifika alasiri. Saada, Mzanzibari anayefanya kazi ya kufua hotelini, ana kitanda kimoja katika chumba kilichogawanywa kwa mapazia, juu ya duka la kushona kanzu. Alinipa kitanda hicho, yeye akatandika chini, na sikumshinda kwa maneno. Nilipomweleza nilichokuja kufanya alicheka mpaka akashika ubavu.

"Njia ya mwongo fupi, dada'angu. Yako wewe umeivuta mpaka Doha!"

Kisha akanisogezea sahani, akaniambia nile.

Ijumaa asubuhi mimi na Saada tulikwenda Al Wakrah, kwenye uwanja wa mchanga ambako Wapakistani, Wafilipino na Wajapani wachache hucheza siku yao ya mapumziko. Idrisa alitoka lindoni moja kwa moja, akabadilisha suruali ya sare nyuma ya gari. "Shikamoo, Mwalimu," akasema, na nilipoitikia aliinamisha kichwa kama zamani. Amekonda. Alikuja na Otieno, Mkenya anayelala naye chumba kimoja, ambaye ndiye mdakaji wake.

"Madam, huyu jamaa ni noma," Otieno akaniambia. "Mimi kazi yangu ni kushika tu mpira, na mkono inaniuma mpaka Sunday."

Idrisa alirusha kwa nusu saa. Mpira ulikuwa unaingia kwenye glavu kwa kishindo kilichowafanya waliokuwa wakinywa chai pembeni wasimame. Kocha, mtu mpole mwenye shingo iliyoiva kwa jua, alitazama kipima kasi chake, akakifuta kwa shati, akakitazama tena. Nilifurahi kupita kiasi, nakiri.

Halafu akaomba karatasi. Nikampa cheti, nikamweleza yote kwa Kiingereza changu cha darasani. Akakiweka kando ya pasipoti, na chini yake picha ya barua ya shule ambayo Idrisa mwenyewe alimtumia pamoja na mengine, kwa kutojua.

"Hii barua aliisaini nani?"

"Mimi."

"Na leo unasema ni ya uongo."

"Ndiyo."

Akasema yeye ananiamini, lakini chuoni wapo wakaguzi, na wakiona miaka miwili tofauti ya kuzaliwa, na shahidi ni yuleyule aliyeusaini uongo, watalifunga faili. "Wa miaka ishirini mwenye mkono huu, timu za kulipwa zingemfuata mwaka wake wa pili. Wa ishirini na minne, wanasoma umri kwanza, hawafiki kwenye mkono." Akampa Idrisa mkono, akaushika muda mrefu, akaenda kuwatazama wengine.

Adhuhuri tulikaa nje ya mgahawa tukinywa chai ya maziwa na hiliki. Nilimwomba Idrisa msamaha. Nilitamani anitukane, anifokee, nipate pa kushika.

"Bila barua ile, Mwalimu, wadogo zangu wangeacha shule," alisema. "Na mimi ningerusha mawe tu huko nyumbani." Kisha akatazama saa, akasema zamu yake inaanza saa kumi na hajalala. Nililia ndani ya treni njia nzima ya kurudi, na Saada hakunitania tena.

Jumapili nilirudi Dar. Nimejifunza kwamba huruma nayo ina deni la ukweli, na kwamba mhuri wa mwalimu ukishagonga uongo, mwalimu huyohuyo hana tena mdomo wa kuufuta. Mwaka mmoja wa kuzaliwa niliouandika kwa haraka, kwa nia njema, umemfungia kijana mlango ambao mkono wake ulishaufungua. Bado nikikumbuka kile kishindo cha glavu moyo unaniuma.

Mwezi uliopita nilimpigia siku yake halisi ya kuzaliwa, kumtakia heri ya kutimiza ishirini na moja. Alicheka kidogo, akashukuru.

"Usijisumbue, Mwalimu," akasema. "Huku nimeshazoea kuwa mkubwa."